Nguo Juu ya Fimbo

Kambini, 12 Januari 2025

Dada Kinsi,

Salaam aleikum. Nimefika, sina homa wala kidonda. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zetu zilichukuliwa getini siku ya kwanza, zikawekwa kwenye mifuko yenye majina. Tunapewa simu ya ofisi mara moja kwa wiki, dakika kumi, na kuna mtu anakaa pale anasikiliza. Barua zangu atazibeba Ewoi, fundi wa magari, yule ambaye ndugu zake wanakaa nyuma ya soko la mifugo hapo Isiolo. Yeye hurudi Nairobi na ndege ya mizigo kila baada ya wiki tatu. Majibu yako pia mpe yeye.

Kazi ni hivi. Walinda amani wenyewe, wale wa kofia za buluu, hawasindikizi mafuta yao. Kazi hiyo imepewa kampuni, na kampuni ndiyo sisi. Tunatoka uwanja wa ndege na malori mpaka kambi zao, kilomita mia mbili na kitu, vumbi tupu. Hooyo, mama yetu, mwambie nalinda ghala. Si uongo kabisa, lori la mafuta ni ghala lenye magurudumu.

Nakaa hema moja na jirani yetu Achuka. Unajua ni yeye aliyenitafutia kazi hii baada ya mimi kutoka jeshini na kukaa bure mwaka mzima. Bado anakoroma kama zamani. Mkuu wetu tunamwita Kapteni, ingawa hakuna anayejua alikuwa kapteni wa jeshi gani.

Nchi yenyewe ingekufurahisha. Ngamia kila mahali, na watu warefu wakimya kama wa kwetu. Kuna asubuhi nasahau kwamba siko njia ya Kinna.

Ndugu yako,
Guleid


Wabera, Isiolo, 3 Februari 2025

Guleid walaal,

Wa aleikum salaam. Barua yako nilimsomea Hooyo, nikaruka ile sehemu ya malori. Amefurahi kuhusu ghala. Ameuliza kama lina kivuli.

Sisi tuko sawa. Lori letu lilivunjika springi likiwa na mbuzi wa watu, nikakesha nao barabarani nikiwanywesha maji kwa karai. Ukija utapata dada yako ana sauti ya mbuzi.

Sasa nisikilize. Ule mkataba ulioniachia kwenye droo nimeusoma, halafu nikampelekea Sadiya. Unamkumbuka, tulisoma naye, sasa ni wakili, ana ofisi ghorofani hapo mjini. Alisoma kurasa zote kumi na nne. Akaniambia wewe si mwajiriwa, ni "mtoa huduma". Si mwanajeshi, kwa hiyo huna nchi nyuma yako. Si mlinda amani, kwa hiyo misheni ya hao kofia za buluu haikujui. Kampuni imeandikishwa kisiwa fulani, na ukiwa na kesi nayo utaipeleka mji mwingine kabisa, ng'ambo. Nikamuuliza, sasa huyu ndugu yangu ni askari wa nani? Akacheka, lakini si kicheko kizuri.

Babu yetu alipigana vita vya Mwingereza, akaletwa hapa na nguo alizovaa. Lakini yeye angalau alijua anayempa amri ni nani. Ukiumia, mimi niende kulia mlango gani? Nijibu hilo.

Kiende mke wa Achuka amejifungua, msichana. Mwambie Achuka mtoto ana nywele nyingi na hasira nyingi. Jina linamngoja yeye alitoe.

Dada yako,
Kinsi


Kambini, 9 Machi 2025

Dada Kinsi,

Ramadhan Karim. Barua ni fupi, Ewoi ananisubiri.

Kulikuwa na fujo kidogo barabarani wiki mbili zilizopita. Ukisikia kitu redioni usitie wasiwasi, mimi sijaumia. Achuka amehamishiwa kambi nyingine, sasa nalala peke yangu hemani.

Nina swali moja, ni ubishi tu tulikuwa nao na wenzangu. Mzee anayechunga ngamia akisimama kando ya barabara na kupunga nguo iliyofungwa juu ya fimbo, kwetu ina maana gani?

Mwombe Hooyo aniombee dua.

Guleid


Wabera, 22 Machi 2025

Guleid,

Swali gani hilo? Ina maana simama, wanyama wanavuka. Kila dereva wa Isiolo anajua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiipunga shuka ya Baba pale barabarani wakati huna hata meno ya mbele, na malori yakisimama unaruka kwa furaha. Waambie wenzako wanaobishana hivyo. Na wakikuuliza nani amesema, sema dada yangu, ambaye amesimamishwa na ngamia zaidi ya mara elfu.

Kwa nini unaniuliza kitu unachokijua?

Hiyo fujo ilikuwa nini? Na Achuka amehamishiwa kambi ipi? Kiende amekuja kwangu mara tatu. Tangu mwisho wa Februari hajapata simu. Alienda mpaka Nairobi na mtoto mgongoni, kwenye ofisi ya kampuni. Wakamwambia Achuka "hayuko tena katika orodha". Akauliza, hayuko maana yake amekufa? Wakamwambia hapana, hayuko tu. Mwanamke wa watu amerudi hapa na jibu hilo.

Ulizia. Andika jina la kambi ili nimpe.

Kinsi


Kambini, 14 Aprili 2025

Dada Kinsi,

Eid imepita, nilifunga yote, alhamdulillah.

Kuhusu Achuka nimeuliza. Wanasema yuko kaskazini, mahali hakuna mtandao, na majina yamechanganyika kwenye kompyuta yao. Mambo kama hayo hutokea. Mwambie Kiende avumilie kidogo, atasikia kutoka kwake.

Mimi sijisikii vizuri sana, joto tu. Nimeomba nitolewe kwenye magari niwe getini, wamekubali. Mkataba wangu unaisha Juni. Nikirudi nadhani sitatoka tena. Naweza kuendesha lori lako kama utanikubali.

Msalimie Hooyo sana.

Guleid


Wabera, 6 Mei 2025

Guleid,

Sina salamu leo.

Achuka yuko jela. Hayuko kaskazini wala hakuna kompyuta iliyochanganya majina. Wiki iliyopita alikuja mtu wa shirika linalotembelea wafungwa, akamletea Kiende karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wa Achuka. Ameshtakiwa kwa kuua watu watatu tarehe ishirini na tatu Februari: mzee mmoja mwenye ngamia, binti yake, na jirani yao aliyekuwa anateka maji nao. Ameandika: "Mimi sikupiga hata risasi moja. Mlee mtoto."

Sadiya alimtafuta wakili aliyepewa na mahakama ya huko. Yule wakili akamtumia kwa simu picha ya ushahidi wote walionao, na ushahidi wenyewe ni karatasi moja. Inasema Achuka alifyatua bila amri, kwa hasira zake, wakati wenzake wakimkataza. Chini kuna sahihi.

Ile G yako yenye mkia naijua. Mimi ndiye niliyekufundisha kuiandika.

Ulijua. Uliniambia nimwambie Kiende avumilie, na mimi nikaenda nikamwambia. Nilikaa kwenye kitanda chake, mtoto nimempakata, nikamwambia maneno yako kama redio. Umenifanya mimi nimdanganye.

Na sasa nimelielewa lile swali la nguo na fimbo.

Niandikie lililotokea. Usiniandikie mambo ya joto.

Kinsi


Kambini, 25 Mei 2025

Dada Kinsi,

Barua hii uisome peke yako, halafu uichome.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Malori sita ya mafuta, magari yetu mawili. Mimi nilikuwa gari la mbele, kwenye bunduki ya juu. Kapteni alikaa chini yangu kando ya dereva. Achuka alikuwa gari la nyuma kabisa. Siku tatu kabla, msafara mwingine ulikuwa umeshambuliwa, wenzetu wawili wakafa. Sisemi hivyo ili nijitetee. Nasema ili ujue tulikuwa tumekaa vipi ndani ya yale magari.

Tulipokunja kona karibu na kisima nilimwona mzee. Alisimama kando ya barabara, fimbo juu, na juu ya fimbo nguo nyekundu. Nyuma yake ngamia wameanza kushuka ukingo, na wanawake wawili wana madumu. Kapteni akasema kwenye redio, "Anatoa ishara kwa wenzake. Piga." Achuka akapiga kelele kwenye redio hiyo hiyo, kwa Kiswahili, "Guleid usipige, ni mchungaji, anavusha ngamia!" Nilimsikia. Kapteni akasema tena, "Piga."

Nilijua ile nguo, Kinsi. Kabla Achuka hajasema nilikuwa nimeshaijua. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinasema simama, na mkono ulikuwa umeshazoea kusikiliza sauti nyingine. Nilipiga. Wale wanawake sikuwalenga, lakini bunduki ile haichagui.

Hatukusimama. Ngamia wawili waliobaki barabarani tuliwagonga tukapita.

Jioni Kapteni alileta taarifa tutie sahihi kwamba tulishambuliwa na watu wenye silaha. Wengine wote tulitia. Achuka alikataa. Alisema, "Andikeni nguo. Andikeni alikuwa na nguo."

Kesho yake watu wa pale walileta maiti, wakazilaza katikati ya barabara, wakakaa nazo. Siku nne hakuna lori lililopita. Kambi za walinda amani zikaanza kuzima majenereta. Serikali ya huko ikataka mtu. Ndipo alipokuja mwanasheria wa kampuni kutoka ng'ambo, mpole, ananukia vizuri. Akanieleza kwamba kuna makubaliano kati ya misheni na serikali: mfanyakazi wa kampuni akifanya kitu akiwa kazini, kwa amri, ana kinga, mahakama haimgusi. Lakini akifanya kwa kichwa chake, nje ya amri, kinga inaanguka. Kwa hiyo lazima awepo mtu aliyefanya kwa kichwa chake. Akasema ni mambo ya makaratasi tu, mwezi mmoja atakuwa nyumbani. Akasema, "Tunaweza kuandika jina la Achuka, au tunaweza kuandika jina la aliyekuwa kwenye bunduki."

Niliangalia meza. Halafu nikatia sahihi.

Walimchukua Achuka asubuhi wakati wa kupiga mswaki. Povu la dawa bado liko mdomoni. Aliniangalia akidhani nitauliza kuna nini. Sikuuliza.

Kapteni amesharudishwa kwao. Mimi narudi Juni. Nakuomba usimwambie Hooyo. Ichome.

Guleid


Wabera, 15 Juni 2025

Guleid,

Sikuichoma.

Nilikaa nayo siku mbili ndani ya blauzi. Siku ya tatu nikaenda kwa Kiende, nikamsomea yote, neno kwa neno, hata pale kwenye mswaki. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Hakusimama, aliendelea kuchagua mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Soma tena pale aliposema usipige." Nikasoma. Akasema, "Sauti yake hiyo." Nilitaka akutukane, hakukutukana.

Kutoka pale nikaipeleka kwa Sadiya. Ameipiga picha, ameituma kwa wakili wa huko. Ndiyo, nimefanya hivyo bila kukuuliza. Wewe pia hukuniuliza.

Lakini barua haitoshi. Hakimu wa huko anasema barua ya mtu kwa dada yake haishindi taarifa yenye sahihi. Anataka mtu asimame mbele yake. Sadiya amenieleza mambo wazi, na mimi nakueleza wewe wazi. Ukirudi hapa, hakuna atakayekugusa. Misheni itasema kampuni si yao. Kampuni itasema Achuka alifanya peke yake. Kwetu hakuna aliyefungua jalada, na huenda hatatokea wa kulifungua. Utaendesha lori, utaswali Ijumaa, utazeeka. Na ukienda kusema ukweli kule, kampuni inaweza kukugeuzia kibao, ikasema ni wewe uliyefanya kwa kichwa chako, ukae mahali pa Achuka. Sadiya haoni njia ya tatu.

Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni wakati Hooyo anauza maziwa. Mtu kama mimi angesema njoo nyumbani haraka. Nimejaribu kuandika hivyo kwenye karatasi nyingine, nimeichana.

Hapa Wabera njia ya kwenda dukani inapita mlangoni kwa Kiende. Yule mtoto bado hana jina. Fikiria utapitaje.

Eid ilikuwa kimya. Hooyo anauliza kwa nini siku hizi nakata vitunguu kila saa.

Kinsi


Mji wa mahakama, 2 Agosti 2025

Dada Kinsi,

Hii haibebwi na Ewoi, mimi si mtu wa kambi tena. Nimempa mfanyabiashara wa nguo anayekwenda Nairobi.

Niliondoka siku moja kabla ya ndege ya kunirudisha. Nilimwambia Ewoi anishushe hapa mjini akienda kuchukua vipuri. Nikatembea mpaka kwa wakili wa Achuka, nikamwambia mimi ndiye ile sahihi.

Nilisimama mahakamani tarehe ishirini na tisa Julai. Achuka alikuwa kizimbani, amekonda, ndevu zimejaa. Nilisema yote, kwa Kiswahili, na mkalimani akageuza: bunduki, amri, nguo. Nilisema nilimsikia akinikataza. Muda wote huo Achuka alitazama dirishani.

Wanawake wengi walikuwa wamekaa sakafuni nyuma. Mmoja ni mjane wa yule mzee, ambaye ni mama wa yule binti.

Nilikuwa tayari, Kinsi. Nilikuwa nimenunua kandambili za jela na sabuni. Lakini akasimama yule mwanasheria mpole wa kampuni. Hakusema nimefanya kwa kichwa changu. Barua yangu uliyoipeleka kwa Sadiya ilikuwa imeshafika kwa wachunguzi wa misheni, na walikuwa wamepata rekodi ya redio, "piga" ya Kapteni inasikika mara mbili. Kampuni haikuweza tena kukana amri, kwa hiyo ikaikumbatia. Mwanasheria akasema, kwa kuwa shahidi mwenyewe amekiri alipiga akiwa kazini na kwa amri, ana kinga, na mahakama hii haina uwezo juu yake. Hakimu akauliza, na aliyetoa amri? Akajibiwa yuko nchini kwao, naye ana kinga hiyo hiyo, na nchi yake inasema jambo halikutokea kwao.

Hakimu alisoma yale makubaliano muda mrefu. Akavua miwani. Akamwachilia Achuka. Halafu akaniambia na mimi niende.

Mkalimani alipowageuzia wale wanawake, yule mjane alisimama. Alisema maneno machache, kisha akayarudia kwa sauti. Mkalimani aliona haya kuyatafsiri. Alisema, "Anauliza, kwa hiyo mume wake na mtoto wake hawakuuawa na mtu?"

Na mimi niliyekuwa pale, na mdomo ninao, sikumjibu.

Achuka alipita karibu nami nje. Nikasema jina lake. Akasema, "Umesema. Basi." Akaingia kwenye gari la lile shirika la wafungwa.

Kampuni iliniletea tiketi ya ndege. Sijaitumia, nalala chumba kilicho nyuma ya msikiti. Juzi alikuja kaka wa yule mzee na watu wanne. Hawakunigusa. Walisema mambo ya makaratasi hawayajui. Walisema kama mimi ni mtu, niende kwao, kisimani pale pale, niseme mbele ya wenye maiti. Wakanipa muda mpaka katikati ya Septemba, ngamia wakirudi. Niliuliza nikifika itakuwaje. Yule kaka akasema, "Kwanza ufike."

Nitaenda. Sina cha kupeleka. Siku hizi nalala usingizi, jambo ambalo sikuwa nalo tangu Februari. Kama hutasikia kutoka kwangu, mwambie Hooyo ukweli, si ghala.

Guleid


Wabera, 20 Agosti 2025

Guleid walaal,

Usiende. Maana yangu, usiende peke yako. Kwetu mtu aliyeua haendi kwa wafiwa peke yake kama mwizi wa kuku. Wakubwa wake hutangulia, wakaomba njia, yeye akafuata nyuma. Umekaa na watu wa mikataba mpaka umesahau una watu?

Ami Abdiwali amekubali. Aliswali kwanza adhuhuri, kisha alasiri, halafu akauliza kama pasi yake ya kusafiria bado ni nzima. Mzee Halake pia atakuja, ingawa si damu yetu, kwa sababu amewahi kusimama katikati ya mambo kama haya huku kwetu na anajua namna ya kukaa. Na mimi nakuja. Ami alisema hiyo si kazi ya wanawake. Nikamwambia wawili kati ya waliokufa walikuwa wanawake, na aliyetoa barua ni mimi. Akasema basi nifungashe.

Achuka amefika nyumbani wiki iliyopita. Nilienda kumwona. Hakunikaribisha, ila hakufunga mlango. Nikamwambia tunakoenda. Akaendelea kumpembeleza mtoto. Nilipogeuka kuondoka akasema nisikubali kupita barabara ya mafuta, nizunguke upande wa magharibi, kwa sababu watu wa pale wakiona gari la wageni likitokea barabara ile hukimbia na watoto. Kiende alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda.

Sijui watatupokeaje. Sadiya hajui, anasema hakuna kitabu cha jambo hili. Inawezekana watakuchukua. Nimeshaliwaza hilo na bado nafungasha.

Hooyo nimemwambia. Nilianza na ghala, nikaona siwezi, nikamwambia yote. Nilidhani ataanguka. Alishika shungi yake, akakaa, akatazama ukuta. Halafu akaniuliza, "Yule binti alikuwa na miaka mingapi?"

Nikasema sijui. Akauliza, "Jina lake nani?"

Nikasema sijui, Guleid hajaandika.

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyekuwa juu ya lile gari. Akasema, "Mmeandikiana miezi saba, na hamjui jina lake? Basi nendeni mkaulize."

Tunatoka Jumatatu. Tungoje hapo hapo msikitini.

Dada yako,
Kinsi